Kabla ya tingatinga: mwongozo kamili wa sanaa kwa mtaa unaosubiri kubomolewa

Ukuta wa kwanza niliouchora Kariakoo uliishi siku 17. Ulikuwa ubavu wa nyumba ya Kiswahili, zile za vyumba sita, korido katikati, baraza mbele na ua nyuma. Tulimchora bibi mmoja wa mtaa uleule akiwa na sinia lake la vitumbua, na mwenyewe alipojiona alicheka mpaka akakaa chini. Siku ya 18 katapila likaja na kuanzia upande huohuo. Kumbe mauzo yalishasainiwa kabla hatujanunua hata brashi, na mimi niliyejiita msanii wa jamii sikuwa nimeuliza swali moja jepesi: nyumba hii inavunjwa lini?

Kiswahili kina utani wake hapa. Tingatinga ni mashine inayobomoa, na Tingatinga ni Edward Saidi, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Picha zake zilibebeka kwapani. Alifariki mwaka 1972, picha zikaendelea kusafiri dunia nzima. Nilichelewa sana kulielewa somo hilo. Watu wa mtaa unaobomolewa wanahama na ukuta hauhami, basi sehemu kubwa ya kazi yako ifanye juu ya kitu kinachoweza kupakiwa kwenye kirikuu, ile pikapu ndogo, pamoja na vitanda.

Nazungumzia Dar kwa sababu ndiko nilikokosea. Aliye Ng'ambo ya Zanzibar au kwenye kota za zamani za Nairobi atabadilisha majina ya ofisi tu.

Hatua ya 1: Uliza tarehe kabla ya kuuliza rangi

Mitaa haifi kwa namna moja. Kariakoo, iliyopimwa kwa mistari iliyonyooka tangu enzi za Wajerumani na kupata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, inabadilika nyumba moja moja. Familia inauza, au inaingia ubia na mjenzi ili ipate maduka chini na vyumba juu, na wiki chache baadaye kuna shimo. Hapo huna ratiba ya pamoja. Ratiba iko kwenye mikoba ya watu, na unaijua kwa kukaa karibu nao.

Magomeni Kota ilikuwa kinyume chake. Kaya 644 zilihamishwa kwa mpigo, nyumba zikabomolewa, kiwanja kikakaa kitupu miaka mingi, na maghorofa yakafunguliwa Machi 2022. Ukiwa na mtaa wa namna hiyo, kazi yako kubwa inaanza baada ya kubomolewa, kwa sababu majirani wametawanyika Mbagala, Tandika na Goba na hawajui kama watarudi kuwa majirani tena.

Aina ya tatu ni alama ya X, ile ya serikali inayosema nyumba hii ibomolewe. Kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara, mwaka 2017, watu waliamka na kukuta X kwenye kuta zao. X ina siku zake, wakati mwingine chache mno. Ukifika mtaa wenye X, acha habari za kuchora. Anza kupiga picha na kurekodi, kwanza vyumba vyenye wazee.

Kwa hiyo wiki ya kwanza nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa mtendaji, kwa dalali, na kwa mtu ambaye wengi humsahau: fundi anayenunua mbao na mabati ya nyumba zinazovunjwa. Huyo anajua tarehe kuliko wote.

Hatua ya 2: Jua nyumba ni ya nani

Nyumba ya Kariakoo mara nyingi ni ya marehemu. Watoto wa mke mkubwa wako chumba cha mbele, wa mke mdogo wako uani, mmoja yuko Tanga, mwingine Muscat, na wote wana sauti. Ndiyo maana jijini kumejaa maandishi yale ya ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Kwangu mimi hayo ndiyo sanaa ya mtaa ya kweli kuliko zote. Yameandikwa na wenyeji wenyewe, kwa herufi za kutetemeka, na kila anayepita anajua kwamba ndani kuna ugomvi.

Niliwahi kupewa ruhusa na baba mmoja mkarimu aliyekuwa akikaa barazani kila siku. Tulipomaliza rangi ya kwanza akatokea mpwa wa marehemu na karatasi ya mahakama. Baba yule alikuwa mpangaji wa miaka 30. Tuliomba radhi, tukapaka chokaa juu ya kazi yetu, tukaondoka kwa aibu.

Mtafute msimamizi wa mirathi, aliyethibitishwa mahakamani, na umwombe saini kwenye barua fupi: tunafanya nini, upande gani, kwa muda gani, na kwamba kazi yetu haihusiani na umiliki. Sentensi hiyo ya mwisho usiiache, kwa sababu picha nzuri ukutani inaweza kugeuzwa ushahidi katika kesi usiyoijua.

Halafu rudi kwa yule mpangaji. Nyumba ya vyumba sita inaweza kuwa na familia sita, na fidia au mgawo wa ghorofa ukija, mara nyingi mpangaji hayumo. Katika kazi yako awemo.

Hatua ya 3: Kaa barazani

Hapa usiwe na haraka. Mimi natoa wiki tatu kama tarehe inaruhusu. Asubuhi kwenye kijiwe cha kahawa, alasiri uani kwa kina mama, jioni kwenye bao au drafti. Toa shikamoo, nunua kahawa na kashata, nyamaza.

Swali la "tuelezee historia ya mtaa huu" lina ubaya mmoja: litakuletea hotuba. Mzee atakaa sawa, atakohoa, ataanza na uhuru. Uliza vitu vidogo. Maji mlichota wapi? Nani alikuwa na televisheni ya kwanza? (Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo kila mtu wa umri fulani anakumbuka alitazama kwa nani, na kama alilipishwa.) Mlango wa mbele ulifungwa saa ngapi, na aliyechelewa alipitia wapi?

Swali langu kubwa ni hili: mkifiwa, turubai lilifungwa wapi? Jibu litakupa kitovu cha mtaa, ambacho ramani za mipango miji hazikionyeshi. Ni pale barabara inapofungwa kwa viti vya kukodi na sufuria za pilau. Bi mkubwa mmoja aliniambia, "Mwanangu, ghorofani nitakaa, lifti nitazoea. Nikifa watu watakaa wapi?" Swali hilo lilibadilisha mradi mzima. Tulikuwa tunachora nyumba, tukaanza kuchora nafasi zilizo kati ya nyumba.

Rekodi kwa simu, lakini omba ruhusa kwanza, na ruhusa yenyewe uirekodi. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, adabu ipo. Zima simu mazungumzo yakifika kwenye mirathi, madeni au ndoa. Kila usiku hamisha faili, zipe jina lenye tarehe na mtaa, weka nakala tatu kwa watu watatu. Simu huibiwa, na Kariakoo huibiwa mapema.

Hatua ya 4: Ramani ya kitambaa

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote na ndiyo ningekushauri uanze nayo hata kama hutafanya nyingine.

Nunua amerikani, kile kitambaa cha pamba kisicho na rangi, ile nzito. Fua kwa maji ya moto ili dawa ya kiwandani itoke, la sivyo rangi haitashika. Mpe fundi cherehani aunge vipande upate takriban mita 3 kwa 2, na pindo nene juu la kupitishia fimbo. Tandika chini kwenye ua mkubwa, juu ya mkeka, na ukandamize pembe kwa matofali.

Mistari ya mitaa chora kwa mkaa kwanza. Vipimo pata kwa miguu: watume watoto wawili wahesabu hatua kutoka kona hadi kona, mwenzao aandike. Nyumba moja iwe upana wa kiganja. Usijaribu kupachika Kariakoo nzima. Mistari minne ya nyumba, mathalani kati ya Mtaa wa Sikukuu na wa Swahili, inatosha kuwashughulisha watu 20 kwa wikiendi mbili.

Kisha waite watu kwa mafungu. Wazee asubuhi kabla ya jua kali, kina mama baada ya kupika, watoto wakitoka shule au madrasa. Kila mmoja anaonyesha alipoishi na anataja waliokuwa ndani, chumba kwa chumba. Majina yanaandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa mwandiko wa mwenyewe kama anaweza. Wapangaji waandikwe sawa na wenye nyumba, herufi za ukubwa uleule. Angalia hilo kwa makini, maana mkono una tabia ya kumwandika mwenye mali kwa herufi kubwa.

Baada ya majina ongeza bomba, mwembe, duka la Mpemba, mahali pa vitumbua, pale turubai lilipofungwa, kona ya mashabiki wa Simba na kona ya Yanga. Rangi tumia ya maji ya ukutani, iliyozimuliwa mpaka iwe nyepesi kama uji wa mgonjwa. Nzito itapasuka kitambaa kikikunjwa. Nyumba zilizosimama ziwe na rangi moja, zilizovunjwa zibaki na mstari tu bila rangi ndani. Msomaji wa ramani anaelewa bila kuelezwa.

Ugomvi utatokea. Kwetu wazee wawili walishindana mchana mzima kuhusu mti mmoja, kama ulikuwa mbele ya nyumba au nyuma. Nilitaka kuamua mimi, jambo la kipumbavu. Tulichora miti miwili na chini ya kila mmoja tukaandika jina la aliyesema. Sasa watu wakiitazama ile ramani huanza na miti hiyo.

Hatua ya 5: Hadibodi, kanga, milango

Hadibodi ni kwa watoto na kwa wachoraji wasio na subira. Karatasi nzima ya futi 8 kwa 4 inatoa vipande 8 vya sentimita 60 kwa 60. Lainisha kwa msasa, paka rangi ya mafuta ya msingi mara mbili, acha ikauke siku nzima kila mara. Kila mtoto achore chumba chake na vitu vyake. Usimsahihishe. Mtoto mmoja alichora feni kubwa kuliko kitanda, kwa sababu hiyo ndiyo aliyoitazama usiku.

Kanga inataka akili zaidi. Ina pindo, ina mji, ina jina, na kwamba sehemu ya katikati inaitwa mji ni zawadi ambayo lugha imetupa bure. Kuchapisha kiwandani ni lazima uagize nyingi, kwa hiyo tulitumia kitambaa cheupe cha pamba na kuchapa kwa mkono. Michoro ilikatwa kwenye filamu kuukuu za eksirei, rangi ya nguo ikagongwa kwa vipande vya sponji ya godoro. Kikundi chenye ujuzi wa batiki kinaweza kutumia nta, ila kostiki soda inayochanganywa kwenye rangi zake inaunguza, kwa hiyo vaeni glavu na watoto wakae mbali. Kwenye mji wa kanga tuliweka umbo la nyumba likionekana kutoka juu, korido katikati kama uti wa mgongo.

Jina waachie kina mama. Mimi nilipendekeza "Umoja ni nguvu". Wakanitazama kwa huruma. "Hiyo ya kalenda," mmoja akasema. Walibishana wakichambua mchele, mwisho wakatoa hii: MTAVUNJA UKUTA, UJIRANI MTAUACHIA NANI. Kanga isiyochoma haisomwi.

Milango iombe mapema kwa msimamizi wa mirathi na kwa fundi wa kubomoa, kwa sababu huuzwa siku ileile. Mmoja wa mbao ngumu unahitaji wanaume wawili. Usiusafishe sana. Alama za penseli za urefu wa watoto, stika za uchaguzi na namba za simu za mafundi ni kazi iliyokwisha kufanywa kabla yako. Paka varnishi juu yake, andika jina la familia, basi.

Hatua ya 6: Ukuta, kama ni lazima

Watu watautaka ukuta, na kuna sababu: unaonekana. Ufanye ukijua ni wa kuagia. Epuka masika, Machi hadi Mei, na uwe mwangalifu na vuli. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yako. Kuta za zamani za pwani hunyonya chumvi kutoka chini, na rangi ya mafuta juu ya chumvi hubabuka kama ngozi iliyoungua. Sugua kwa brashi ya waya, kisha tumia chokaa iliyolowekwa usiku kucha, ukichanganya na rangi ya unga ile ya sakafu ya saruji. Chokaa inapumua. Ukiamua kutumia rangi ya maji badala yake, kwa mbele ya nyumba ya mita 10 kwa 3, galoni moja ya lita 4 inakaribia kutosha mpako mmoja, kwa hiyo nunua mbili.

Jirani ya shimo la ghorofa usipande ukuta hata kidogo. Nyumba ya udongo na fito iliyochimbiwa pembeni ina nyufa usizoziona, na sote tunakumbuka ghorofa zima lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024. Chora mpaka mkono unapofika ukiwa umesimama chini, au utafute ukuta mwingine.

X ikiwepo msiifute, hata kwa nia njema, maana atakayeulizwa ni mwenye nyumba. Mnaweza kuizunguka.

Hatua ya 7: Barua, mihuri na pesa

Barua ya ukurasa mmoja kwa mtendaji wa mtaa, nakala kata, nakala kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri. Kukiwa na ngoma au watu kutembea barabarani, polisi wapate taarifa kwa maandishi mapema. Beba nakala zenye muhuri mfukoni siku zote. Hapo sina la kuongeza.

La pesa lina maneno zaidi. Siku moja mwendelezaji, yaani mwenye kujenga ghorofa, atakuja na maneno matamu na kuomba mchore uzio wa mabati unaozunguka shimo lake. Wapo wanaokataa moja kwa moja na siwalaumu. Mimi nilikubali mara moja na sijutii, lakini kwa masharti yaliyoandikwa: majina ya waliokaa pale yaandikwe kwenye uzio, nembo ya kampuni isizidi ukubwa wa jina moja, mabati yakishushwa yawe yetu, na picha zisitumike kuuza vyumba bila mkataba mwingine. Hakimiliki ya mchoro nayo ibaki ya mchoraji mpaka atakapoitoa kwa maandishi. Mwendelezaji aliyekataa sharti la majina alijieleza vizuri kuliko alivyodhani. Na kila pesa inayoingia ibandikwe kwenye mlango wa mwenyekiti: nani katoa, kiasi gani, imenunua nini.

Hatua ya 8: Siku ya kuaga

Iwe Jumapili baada ya alasiri. Ngoma ya mdundiko itangulie, ramani ifuate imeshikwa na vijana wanne, na msafara usimame kwenye kila nyumba iliyomo kwenye ramani, iliyopo na isiyokuwepo. Mbele ya shimo mtu mmoja asome majina ya vyumba sita. Dakika moja inatosha. Muziki wa singeli waachieni vijana mwisho, na jenereta iwe na mafuta.

Wanasiasa wakija wakaribishwe kahawa kama wengine, ila kipaza sauti kibaki kwa bibi wa vitumbua. Kukitokea msiba mtaani siku hiyo, ahirisheni bila mjadala.

Hatua ya 9: Baada ya vumbi

Andika namba za simu za kila familia kabla haijahama, pamoja na za ndugu mmoja asiyehama hovyo. Miezi sita baadaye piga simu zote. Waliohamia ghorofani waulize kama kuna ukuta kwenye ngazi za chini ambapo hadibodi za watoto zinaweza kutundikwa; mara nyingi upo, na msimamizi wa jengo hukubali akiombwa na wakazi watatu badala ya msanii mmoja.

Ramani usiikunje. Izungushe kwenye bomba la plastiki la inchi 4, upande wa rangi ukiwa nje, weka majani makavu ya mwarobaini ndani, ifunike kwa shuka. Mahali pa kuitunza ni swali gumu kuliko rangi zote. Tulifikiria ofisi ya mtaa, tukafikiria shule. Mwisho tulimpa yule bi mkubwa aliyeuliza watu watakaa wapi. Sasa amepanga Tandika, chumba na sebule, na bomba liko nyuma ya kabati lake. Hakosi msiba wa mtu yeyote wa mtaa wa zamani, na kila anapokwenda huibeba ramani na kuitundika kwenye kamba ya turubai.